Sanduku la Kujulia Hali

Kama kwenu bado hawajalileta, watalileta. Litafungwa ukutani karibu na mlango, rangi ya maziwa, ukubwa wa mkate, na kila asubuhi na kila jioni litawajulia hali kwa sauti ya dada mwenye adabu zake. Nawaombeni, kabla hamjaliitikia, sikilizeni kwanza yaliyotupata sisi wa Ilungwe.

Asubuhi ile nilikuwa handaki namba mbili tangu kulipopambazuka. Handaki ni shimo refu, ukisimama ndani ardhi inakufika kifuani, limeezekwa nailoni nzito juu ya mianzi iliyopindwa. Chini ya nailoni, juu ya mboga zenyewe, tunatandaza kitambaa cheupe chepesi kama chandarua. Upande wa kusini yamepangwa mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, yanameza jua mchana na kulirudisha taratibu giza likiingia. Na katikati ya matuta, chini ya udongo, linapita bomba la maji ya moto kutoka kisima cha mlimani. Nilifunua kitambaa, nikasoma kipimajoto. Nyuzi kumi na mbili. Chainizi zimesimama, spinachi zimekunjua majani, figili zinachungulia udongoni. Juu yangu nailoni ilikuwa imeota jalidi, barafu nyeupe unene wa ukucha, na kabichi tuliyoisahau nje siku mbili kabla niliigusa kwa kidole ikavunjika kama gilasi.

Mimi ndiye mlezi wa mahandaki. Nimewafundisha wenzangu kwamba mboga ya miezi ya baridi haipandwi kwenye baridi. Unaisia kitaluni Februari, unaihamisha Machi, inenepe kabla jua halijachoka. Ikifika Juni haikui tena, inakaa tu kama akiba ya kabatini, na wewe unachuma majani ya nje moja moja, moyo unauacha. Unamwagilia asubuhi, kamwe si jioni. Saa sita unafungua milango miwili upepo upite, maana unyevu ukilala humo majani yanaoza. Ukikosea siku moja unapoteza tuta. Ukikosea siku mbili unapoteza watoto.

Sisemi hivyo kwa kutisha watu. Tangu wakubwa wa dunia watandaze lile Pazia la vumbi huko juu angani, ili nchi zao zisiungue, sisi wa milima ya Makete tumepata miezi mitano ya jalidi ambayo babu zetu hawakuijua. Mwaka wa kwanza viazi viligandia ardhini vikawa maji. Ugali tulikuwa nao. Mboga hatukuwa nayo, hata jani. Watoto wakaanza kutoka damu kwenye fizi, kisha miguu ikavimba, na kidonda kidogo tu kikawa hakiponi. Tulizika kumi na mmoja kabla ya Oktoba. Mmoja alikuwa Eliya wangu, miaka minne. Mwaka uliofuata ndipo Mradi wa wageni ukaja, ukachimba kile kisima cha moto, ukatandika mabomba kwenye nyumba arobaini na mbili na mahandaki matatu, na ukaweka mashine ya kugawa joto tuliyoiita Mgawaji, pamoja na masanduku yake ya ukutani. Tangu hapo hatujazika mtoto. Kwa hiyo mtu akiniambia nichague kati ya mahandaki na kitu kingine chochote, ajue ananiuliza nini.

Nikarudi nyumbani na kapu la chainizi. Nyumba ilikuwa baridi kuliko nilivyoiacha. Maji ya kikombe mezani yalikuwa yameota utando. Mume wangu Obeid alikuwa amepiga magoti anagonga bomba kwa spana, akidai hewa imeingia ndani. Binti yetu Tulizo, miaka sita, alikuwa kitandani kajikunja, anakohoa kile kikohozi cha filimbi. Kifua chake kinabana kwenye baridi. Nilianza kupuliza moto jikoni, macho yananitoka machozi ya moshi, na hapo sanduku likaita.

"Habari za asubuhi? Nyumba imeamkaje?"

Obeid alikuwa na utani wake wa kila siku, kwamba huyu dada wa ukutani ana miaka mitatu tu tangu azaliwe na hajawahi hata mara moja kumpa shikamoo. Siku zote mimi ndiye ninayejibu, na siku zote najibu kama mtu anavyojibu: nzuri, ila mtoto kifua kimembana. Au: nzuri, ila bomba limepoa. Unatanguliza nzuri, halafu ndiyo unamwaga shida zako. Nani aliyelelewa akaanza na shida? Lakini siku hiyo kinywa changu kilikuwa kwenye majivu, na kabla sijainua kichwa Tulizo akajibu kutoka kitandani.

"Mbaya. Nina baridi."

Niliona aibu kana kwamba kuna mgeni sebuleni. Nikaenda nikamfinya sikio kidogo, nikamuuliza ndivyo mtu anavyojibu salamu, akiulizwa habari aseme mbaya? Obeid akacheka, akasema mwache, angalau humu ndani kuna mmoja asiye mnafiki. Sanduku likasema, "Pole sana. Asante kwa kunijulisha." Likanyamaza.

Uji haujachemka, bomba likaanza kulia, tik, tik, tik, kama kinavyolia chuma kikipata moto. Obeid akaweka kiganja, akakitoa upesi. Akaitazama spana yake kwa fahari.

Mimi sikuitazama spana.

*

Jioni sanduku lilipoita nikajibu mwenyewe, kwa makusudi, kama ninavyojibu siku zote: nzuri, ila mtoto anakohoa. Likashukuru. Nikakaa chini na mkono kwenye bomba nikahesabu moyoni. Sikufika mia tatu. Likapoa chini ya kiganja changu kama mkono wa mtu anayekata roho, na mimi nimeshaushika mkono wa namna hiyo, naujua.

Asubuhi nikamwachia Tulizo. "Mbaya," akasema, safari hii ananitazama mimi kama nitamfinya. Bomba likawaka.

Nikamweleza Obeid nje, karibu na zizi, mtoto asisikie. Nilimwambia mashine haisikilizi maneno yote. Inashika neno la kwanza. Ukisema nzuri, inajua nyumba yako inaweza kupunguziwa. Ile "ila" inayofuata haiisikii. Obeid ni mtu wa haraka, alishageuka aende kupiga kengele ya kijiji.

Nikamshika koti. Nikamuuliza, wakijua wote, jioni ya leo nyumba arobaini na mbili zitasema nini?

Akasema zitasema mbaya, kwa sababu ni kweli ni mbaya.

"Na maji ya kisima yataongezeka?"

Nikamwambia Mgawaji ana ndoo moja tu ya joto. Nyumba zote zikilia, atachota wapi? Atachota mahandakini. Mboga zikiganda siku mbili, hakuna kusia upya hadi Septemba. Nikamkumbusha fizi za Eliya. Aliondoa mkono wangu kwenye koti lake, taratibu, akasema, "Mama Tulizo, hayo unayosema ni kweli. Lakini sidhani kama ndiyo yanayokufanya unyamaze."

Hatukumwambia mtu, wala yeye wala mimi. Hilo ni kosa letu wote, ingawa mimi ndiye niliyelianzisha.

Siku tisa. Asubuhi na jioni mtoto alijibu, na mimi nikawa namsogezea mto mgongoni akae vizuri ajibu kwa sauti. Siku ya tatu filimbi ya kifuani ikaisha. Siku ya tano akatoka kitandani akacheza na vifuniko vya chupa sakafuni, miguu peku, nikamwacha. Kila asubuhi nilikuwa naamka kabla yake nisikilize anavyopumua, na nikisikia ni safi naanza kuogopa kitu kingine ambacho sikukitaja jina. Nilijua joto haliumbwi na neno la mtoto. Linatoka mahali. Nilijiambia labda linatoka handakini kidogo kidogo, nikawa naenda kusoma vipimajoto mara nne kwa siku. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Mahandaki hayakupungua hata nusu. Na mimi, mwenye akili ya kujua chainizi itakufa lini, sikujiuliza zaidi ya hapo. Sikutaka.

*

Ijumaa ni siku ya kugawa mboga. Nyumba inayofuata baada ya yetu, tumepakana ukuta na bomba ni lile lile, ni ya Mzee Ezekia Luvanda na mkewe Bibi Yudita. Wazee wawili, watoto wao wako mbali. Bibi Yudita ndiye aliyenipokea nilipoolewa hapa, ndiye aliyemkata Tulizo kitovu. Nilikuta Mzee Ezekia uani anavunja barafu kwenye hori la ng'ombe kwa mpini wa jembe, vidole vimebadilika rangi. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani kwake, kwangu, za mifugo, za kulala. Nzuri, nzuri, nzuri. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba bibi tangu jana hajainuka.

Ndani pumzi yangu ilikuwa moshi. Kuku walikuwa wamepanda kitandani, wamejibanza kwenye mablanketi. Bibi Yudita alikuwa amevaa makoti mawili na shuka ya kanisani kichwani. Nikamshika shavu. Nimeshika kabichi za jalidi zenye uhai kuliko shavu lile.

"Shikamoo, bibi."

Midomo ilichukua muda. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, bibi. Wewe je?"

"Mimi sijambo," akasema. "Tulizo kifua?"

Nikamvutia blanketi hadi kidevuni. Na hapo hapo, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi, sanduku lao likaita kwa ile sauti tamu. Habari za asubuhi, nyumba imeamkaje? Nikageuka. Mzee Ezekia alikuwa ameingia, amevua kofia, kwa sababu yeye humvulia kofia kila anayemjulia hali. Nilinyoosha mkono nimzuie na sikuwahi.

"Salama kabisa," akasema. "Tunamshukuru Mungu. Ila mke wangu…"

"Nafurahi kusikia. Asante," likasema sanduku.

Nikasikia bomba lao likilia. Sauti ile ile ya kwetu, tik, tik, tik, ila hii ilikuwa ya kupoa. Na nilijua kwa wakati ule ule, upande wa pili wa ukuta, letu linalia la kuwaka, na mwanangu yuko sakafuni anapanga vifuniko.

Tulimbeba Bibi Yudita kwa blanketi hadi handaki namba mbili, maana hapakuwa na mahali pengine penye joto la kumtosha ila nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu sikuthubutu kumpeleka. Tukamlaza kwenye njia kati ya spinachi. Nilimsugua miguu, nilimpa uji kwa kijiko. Muuguzi wa zahanati akaja, akakaa naye. Siku ya pili alizungumza vizuri, akaniambia chainizi zangu nimezibananisha mno. Siku ya tatu alfajiri hakuamka.

*

Fundi wa Mradi, Gaudensi Tweve, alifika adhuhuri ya siku hiyo hiyo kwa pikipiki kutoka Njombe. Hakuja kwa ajili ya msiba, ilikuwa zamu yake ya kukagua. Kijana mpole, ana tabia ya kufuta miwani kwa ncha ya shati akiwa hana la kusema. Nikamwomba afungue kumbukumbu za nyumba ya Mzee Ezekia. Akafungua ndani ya kibanda cha mabomba, akanisomea kwenye kioo chake kidogo. Siku sitini na moja, asubuhi na jioni: nzuri, salama, nzuri, salama, njema.

Nikamuuliza kwa nini mashine inauliza watu badala ya kutazama kipimajoto. Akaniambia mwanzo vilikuwepo vipimajoto majumbani. Watu wakavitundikia masufuria juu, moshi ukavipaka masizi, vikaanza kusema uongo. Wakubwa wa Mradi wakaona heri watu waulizwe wenyewe, binadamu anaijua hali yake. Na neno la kwanza ndilo linalochukuliwa kwa sababu walipojaribu kusikiliza maelezo yote, watu walieleza mpaka habari za ng'ombe na harusi ya binamu, mashine ikachanganyikiwa. Wao wenyewe huko ng'ambo waliko, akasema, mtu ukimuuliza hali na yuko vibaya, anasema yuko vibaya.

Alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia. "Hata mimi mama," akasema. "Juzi nilikuwa na homa, siwezi kusimama. Mama yangu akanipigia simu, habari za huko. Nikamwambia nzuri."

Nikamwomba anionyeshe joto la nyumba yangu lilitoka wapi. Sikuwa na haja ya kuuliza, lakini kuna kitu mtu lazima akisikie kwa mdomo wa mwingine. Alitelezesha kidole. Mstari mmoja ulipanda, na mwingine chini yake ulishuka, siku tisa, hatua kwa hatua, kama watu wawili wanaobebana. Akasoma namba za nyumba. Akainua macho, akanitazama, akaanza kufuta miwani.

"Nani anajibu kwenu?" akauliza.

"Mtoto."

"Nani alimfundisha?"

Nikasema mimi.

Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema kanuni si yake, haiwezi kubadilishwa na mtu wa pikipiki. Ataandika barua, wiki tatu, labda nne. Nikamwambia kesho kwenye mazishi nitawaambia watu wote. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye ndoo. Akapiga hesabu mbele yangu, kwa jalidi ya mwezi huu na maji ya kisima yalivyo. Nyumba zote zikisema mbaya, mahandaki mawili kati ya matatu yatafika chini ya sifuri ndani ya siku mbili. Lililobaki linaweza kulisha watoto wa kijiji hadi katikati ya Agosti, kama watu wazima hawataonja hata jani. Baridi inaisha katikati ya Oktoba. Aliniuliza kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Agosti hadi Oktoba ni wiki tisa, na kule mwanzo fizi za Eliya zilianza kutoka damu wiki ya saba.

"Ukinyamaza," akasema kwa sauti ya chini, "wataendelea kuganda wale wenye adabu. Ukisema, sijui watakaoumia ni nani."

Nikamwambia yeye ana elimu, achague. Akatikisa kichwa. Akawasha pikipiki, kisha akaizima, akabaki hadi mazishi.

*

Nilisema makaburini, baada ya udongo, watu wakiwa bado wamesimama. Sikuwa nimepanga maneno. Nilieleza neno la kwanza, nikaeleza mtoto wangu, nikaeleza siku tisa, na nikataja joto lile lilitoka nyumba gani. Nilikuwa namtazama Mzee Ezekia viatu.

Kisha jirani yetu Mama Sigrida, ambaye tumelima naye tuta moja miaka mitatu, akaniuliza siku ile nilipompelekea mboga, naye akaniambia wajukuu wake wanalala wote kitanda kimoja kwa baridi, nilikuwa tayari najua? Nikasema nilikuwa najua. Akasema basi, ametaka tu kufahamu, na akaenda kusimama upande wa pili wa kaburi. Wengine walisema makali zaidi na yananistahili. Mmoja alisema nichukuliwe funguo za mahandaki. Fundi Gaudensi alijaribu kueleza hesabu zake, hakuna aliyemsikiliza mpaka muuguzi alipozirudia.

Mzee Ezekia aliniita pembeni. Nilienda nikiwa tayari kwa lolote.

"Mtoto ana siku ngapi hajakohoa?" akauliza.

"Tisa, babu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu mwingine nisiyemwona. "Yudita alikuwa anauliza kila siku," akasema. Akavaa kofia yake akaondoka. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinihukumu, na sina ujasiri wa kumuuliza.

Jioni ile nyumba arobaini na mbili zilisema mbaya. Haikuwa rahisi kama mnavyodhani. Wapo wazee walioshindwa, neno liliwakwama, ikabidi wajukuu wajibu. Mama mmoja alisema mbaya halafu akaomba radhi. Lakini mabomba yalilia kijiji kizima, kila nyumba ikapata vuguvugu, si joto, na kwetu Tulizo akaanza tena kukohoa, kidogo, kikohozi kikavu cha watoto wote. Mimi na wanawake sita, Mama Sigrida mmoja wao na hakunisemesha, tulishinda handaki namba mbili na namba tatu tukichuma kila kilichochumika. Tulianika juu ya majiko, tulijaza viroba. Siku ya pili asubuhi nilifunua kitambaa. Moyo wa kila chainizi ulikuwa mweusi na laini, kama kitu kilichochemshwa. Harufu yake haijatoka puani mwangu.

Tukabaki na handaki moja na hesabu ya Agosti. Nikaanza kuwaangalia watoto midomoni kila nikikutana nao njiani, hata kabla ya kuwasalimia.

*

Siku ya tano baada ya mazishi kulikuwa kumetanda ukungu. Tulizo alikuwa amekaa kati yangu na Obeid, kikombe cha uji mikononi, anasubiri kujibu, kwa maana ndiyo kazi yake na anaipenda. Sanduku likaita. Lakini halikusema habari za asubuhi.

"Nyumba zote zimesema mbaya kwa siku tano," likasema, sauti ile ile tamu. "Joto halitoshi kwa nyumba zote. Tafadhali nisaidieni. Katika nyumba hii, nani anaweza kuvumilia?"

Tulizo akanitazama, hajui hili linajibiwaje. Mimi nikamtazama Obeid. Nilimwona akivuta pumzi, kifua kikipanda, na nilijua anachotaka kusema kabla hajakijua yeye, kwa sababu ni mwanamume na ni baba, na kwetu mwanamume akiulizwa swali kama hilo mbele ya mtoto kuna jibu moja tu. Nikaruka nikamziba mdomo kwa viganja viwili. Uji ukamwagika. Alinishika mikono, akaniuliza kwa macho nina nini, nikatikisa kichwa, nikatikisa.

Tukakaa hivyo, sanduku linasubiri. Kupitia ukuta tukasikia kiti kikisogezwa nyumba ya pili. Kisha sauti ya Mzee Ezekia, taratibu, bila shaka amesimama, bila shaka kofia iko mkononi.

"Mimi hapa, mwanangu," akasema. "Mimi ninaweza."